Kifurushi cha sinema: kiti kile nani anakilipia?

Barua nyingi za mwezi huu zinauliza jambo moja: zile kadi za sinema za kulipia kwa mwezi, unalipa mara moja kisha unaingia na kutoka ukumbini bila kukata tiketi kila siku. Nimechagua nne. Niseme mapema kwamba jambo hili nimelishika kwa mikono. Kuanzia 2016 hadi mwanzoni mwa 2019 nilisimama nyuma ya kaunta ya bisi katika jumba la sinema la kitongoji kimoja cha Ohio, na kadi hizo zilipoanza kuvuma zilipitia mbele ya macho yangu.

*Dada, salaam aleikum. Nafanya kazi ghalani hapa Columbus, zamu ya usiku. Nina mke na watoto watatu: wa miaka 19, 11 na 8. Huyu mkubwa yuko chuo, na ameng'ang'ana nimruhusu ajiunge na kadi ya sinema ya mwezi. Ananiambia, "Baba, ukiona picha mbili tu pesa yako imerudi." Wadogo wamesikia, sasa nyumba nzima inataka. Mimi nimekua nikiambiwa rahisi inavunja upishi. Tena nasikia kuna kampuni iliyouza kadi kwa dola kumi, ikafa, watu wakabaki wanashangaa. Hii ni nafuu ya kweli au ni mtego? Na nikikubali, niwachukulie wote?*
*— Baba wa Watatu, Columbus, Ohio*

Wa aleikum salaam, kaka. Wasiwasi wako una msingi, ila usianzie kwenye bei ya kadi. Anza na swali hili: siku kijana wako atakapokaa kwenye kile kiti, nani anamlipia?

Nikueleze nilichokiona. Jumanne saa kumi jioni nilikuwa napewa tochi ndogo niingie ukumbini kuhesabu vichwa. Ukumbi wa viti 140. Nahesabu sita. Wiki inayofuata wanne, na mmoja wao amelala. Picha inaonyeshwa vilevile, kiyoyozi kinavuma, taa za ngazi zinawaka, mimi na mwenzangu tunalipwa saa zetu. Akiingia mtu wa saba, umeme hauongezeki. Kile kiti kitupu ni kama nafasi kwenye daladala iliyokwisha kuondoka stendi, huwezi kuiweka ukaiuza kesho.

Ndiyo maana mwenye viti anaweza kukuuzia kifurushi na asife. AMC, wenye lile jumba kubwa la Easton huko kwenu, walianza kadi yao ya A-List tarehe 26 Juni 2018 kwa dola 19.95 kwa mwezi, picha tatu kwa wiki, kumbi za IMAX na Dolby zikiwemo. Siku hizi bei imepanda na inategemea jimbo unaloishi, na tangu 2025 ni picha nne kwa wiki. Nne kwa wiki si mchezo, kaka. Kijana akitaka anaweza kuona zaidi ya kumi na tano kwa mwezi. Viti hivyo ni vya kwao, na vingi vingekaa vitupu.

Hiyo kampuni uliyoisikia haikuwa na kiti hata kimoja. Inaitwa MoviePass, ilianzishwa 2011, na kwa miaka kadhaa ilikuwa jambo dogo la wapenzi wa sinema. Agosti 2017 ikapata mmiliki mpya, Helios and Matheson, bei ikashushwa hadi dola 9.95 kwa mwezi, na kwa pesa hiyo mtu anaona picha moja kila siku. Sasa sikiliza ilivyokuwa kaunta. Mteja anafika karibu na jumba, anafungua programu kwenye simu, anachagua picha na saa. Palepale kampuni inaweka kwenye kadi yake pesa ya tiketi ile. Anakuja kwetu, anapitisha kadi kama Mastercard nyingine yoyote, na sisi tunapokea bei kamili. Mara ya kwanza nilidhani nimeona vibaya, nikamwuliza meneja. Akanijibu, "Kwetu huyo ni mteja aliyelipa yote."

Yote! Na mwaka ule wastani wa tiketi moja Marekani nzima ulikuwa dola 8.97. Maana yake mteja akirudi mara ya pili ndani ya mwezi, MoviePass wako hasara. Kwa mji kama New York, penye tiketi za dola 15 na zaidi, walikuwa hasara tangu siku ya kwanza. Walitegemea wengi wangechoka, kama wanaolipia mazoezi ya viungo Januari na kupotea Machi. Walitegemea kuuza taarifa za wateja. Walitegemea majumba ya sinema yawakatie fungu la mapato, na AMC wakakataa hadharani. Wateja wakapanda kutoka kama 20,000 hadi milioni tatu Juni 2018, na kila aliyeongezeka aliongeza shimo. Tarehe 26 Julai 2018 pesa zikakauka, ikabidi wakope dola milioni tano chapuchapu ili huduma irudi. Agosti ile ahadi ya picha moja kwa siku ikawa picha tatu kwa mwezi. Tarehe 14 Septemba 2019 wakafunga.

Kuna sehemu moja ya kisa hiki inayoniuma kuliko hasara yao. Juni 2021 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani ilieleza katika malalamiko yake kwamba kampuni ilizibatilisha nywila za wateja 75,000 waliokuwa wakienda sinema sana, ikawaambia ni kwa sababu ya shughuli za kutiliwa shaka. Shauri likamalizwa kwa makubaliano. Baadaye viongozi wawili wa zamani wakakiri mahakamani makosa ya kuwalaghai wawekezaji, mmoja 2024, mwingine Januari 2025. Yaani mteja aliyeitumia kadi kama alivyoahidiwa ndiye aliyefanywa adui. Siku hizi kampuni iko mikononi mwa mmoja wa waanzilishi wake, Stacy Spikes, aliyeinunua tena 2021, na inafanya kazi kwa pointi, si kwa ile ahadi ya kila siku.

Kwa hiyo kadi ya mwenye viti na kadi ya dalali ni vitu viwili. Ya dalali mimi nisingeilipia mwaka mzima mbele hata kwa dola tano.

Turudi kwa kijana wako na hesabu yake. Hakudanganyi, ila amechagua bei inayompendeza. Tuseme tiketi ya jioni ni dola 14 na kadi ni dola 25. Picha mbili ni dola 28, kweli pesa imerudi. Lakini AMC haohao wana siku za nusu bei, Jumanne na Jumatano, kwa mtu yeyote aliyejiandikisha kwenye ngazi yao ya bure. Siku hizo tiketi ileile ni kama dola saba. Sasa gawa 25 kwa saba: inabidi aone picha nne ndipo kadi ianze kumlipa. Kijana wa chuo asiye na kipindi Jumanne jioni, mwulize kwanza kama picha nne kwa mwezi ni mazoea yake au ni ndoto yake. Mwambie akuonyeshe alizoziona miezi mitatu iliyopita. Kama anazitaja bila kufikiri, mruhusu.

Na ukimruhusu, mwekee sharti moja: bisi. Hapa nazungumza kama muuzaji mstaafu. Hesabu za mwaka za AMC zinaonyesha kwamba katika kila dola ya bisi, soda na peremende, gharama ya kununulia bidhaa zenyewe haizidi senti ishirini. Ndoo kubwa ya bisi na soda yake ikapita dola kumi na tano, mahindi yaliyomo ndani ni ya senti. Watu wa kadi niliwajua kwa macho. Walikuwa wakifika kaunta na uso mkunjufu, wanasema "tiketi leo nimepata bure," kisha wanaagiza kubwa, na siagi juu, na chokoleti. Kumbe tiketi waliilipia tarehe moja na wameshasahau. Kijana akienda mara nne na kununua bisi mara nne, kadi ya dola 25 imepita dola 85. Ale nyumbani kwanza, ubwabwa wa mama yake hauna kodi ya ukumbi.

Wadogo na mama yao, hapana. Kadi ni ya mtu mmoja, haigawanyiki, na picha za watoto hazitoki kila wiki. Wachukue wote Jumanne moja kwa nusu bei. Kama mkeo anapenda sinema lakini hajui lini atapata nafasi, Cinemark, kampuni nyingine ya majumba ya sinema, wana mpango mwingine tangu Desemba 2017: unalipa kidogo kila mwezi, unapata tiketi moja, usipoitumia inahamia mwezi ujao, na bisi unapunguziwa asilimia 20. Hakuna kitu kinachooza. Kwa mtu wa zamu za usiku kama wewe, huo ndio ningekushauri hata wewe mwenyewe.

Nisije nikakuogopesha kupita kiasi, kaka. Kadi ina uzuri wake ambao hesabu haiushiki. Nilipokuwa na kadi yangu niliingia kuona filamu ya Kikorea yenye maandishi chini, yenye urefu wa saa tatu kasorobo, kwa sababu tu ile niliyoitaka ilikuwa imejaa. Kwa dola 14 nisingethubutu. Nilitoka machozi yananitoka. Na siku nyingine niliingia kwenye picha mbovu, baada ya dakika ishirini nikanyanyuka nikaenda zangu bila kinyongo. Mwenye tiketi ya dola 14 hanyanyuki, anavumilia hadi mwisho. Kijana wa miaka 19 anayepata nafasi ya kujaribu vitu asivyovijua anapata elimu pia, na hilo lina thamani kwangu.

*Habari yako dada. Mimi ni wa Mombasa, nasoma Amsterdam. Kadi ya Cineville niko nayo mwaka wa pili na naipenda sana. Lakini rafiki yangu anayetengeneza filamu ameniambia kadi hizi zinawanyonya wenye filamu, kwamba nikiona picha kumi kwa mwezi wao hawapati kitu. Tangu siku hiyo nimekosa raha. Ni kweli?*
*— Mwanafunzi, Amsterdam*

Mdogo wangu, rafiki yako amegusa donda la kweli, ila "hawapati kitu" si sahihi. Kila unapoingia unahesabiwa, jumba linalipwa kwa ule mguu wako, na kutoka hapo mwenye filamu anapata fungu lake. Ugomvi uko kwenye swali la fungu linapigwa juu ya bei gani. Bei ya mlangoni, au kile kidogo ulichokilipa wewe ukigawanya kwa picha kumi?

Wafaransa waligombana juu ya hilo mapema kabisa. Machi 2000 UGC, kampuni ya majumba makubwa ya sinema, walitoa kadi yao ya Illimité, faranga 98 kwa mwezi, uone picha zote utakazo. Majumba madogo ya Paris yakapiga kelele, na walikuwa na haki: mtu mwenye kadi ya jumba kubwa hatoi tena pesa mfukoni kwenda kwa jirani mdogo. Serikali haikuipiga marufuku kadi. Ilitunga sheria, ya tarehe 15 Mei 2001, kwamba mpango kama huo lazima uidhinishwe na CNC, ile taasisi ya taifa ya sinema, kwamba iwekwe bei ya msingi ya kupigia fungu la wenye filamu hata kama mteja amelipa kidogo zaidi, na kwamba majumba makubwa yawafungulie mlango wadogo wajiunge na kuhakikishiwa malipo. Mimi naona walifanya jambo la busara sana. Marekani hakuna sheria ya namna hiyo, ndiyo maana kule kila kampuni ilijiamulia.

Kadi yako wewe ina asili nyingine tena, na ingekutuliza moyo. Cineville ilianza hapo hapo Amsterdam mwaka 2009, na walioianzisha walikuwa majumba madogo yenyewe, kumi na matatu, yakaamua kushikana mikono badala ya kungoja kumezwa. Kadi moja inaingia kote. Picha ndogo, ya mtu asiyejulikana, iliyowekwa saa nane mchana siku ya Jumatano, inapata watazamaji ambao wasingeikatia tiketi. Mwambie rafiki yako aulize msambazaji wake ni wangapi waliiona filamu yake kwa kadi na wangapi kwa tiketi. Hapo atakuwa na cha kubishania, na huenda akakuomba umsindikize.

*Dada shikamoo. Nimejiunga na kadi ya jumba moja hapa Uingereza tangu mwaka jana. Mwanzo nilikwenda sana. Sasa nina mtoto mchanga, sijatia mguu miezi minne, na bado nakatwa. Nimeona bora niiambie benki isimamishe malipo basi. Unasemaje?*
*— Mama Kichanga, Reading*

Marahaba, na hongera ya mtoto. Usianzie benki! Kadi nyingi za aina hii zina muda wa chini wa mkataba, na Uingereza mara nyingi umekuwa mwaka mzima. Ukiwazuia benki ilhali muda haujaisha, deni linabaki na barua zitaanza kuja. Fungua akaunti yako, tafuta tarehe ya kuanza, uhesabu. Kama muda umeshapita, jitoe kwa maandishi leo hii, uweke nakala ya uthibitisho, kisha ndipo uende benki. Kama haujapita, waandikie uwaeleze umejifungua, uwaombe wasimamishe kwa muda. Wanaweza kukataa, lakini anayeomba kwa maandishi ana rekodi.

Nakuelewa mno kwa sababu yamenikuta. Baada ya kuacha kazi ya kaunta nilijiunga na kadi ya kampuni moja ambayo sitaitaja. Miezi miwili ya kwanza niliona picha tisa. Kisha nikabadilishiwa zamu, narudi nyumbani saa sita usiku, na sinema ikatoka kwenye maisha yangu kimyakimya. Niligundua nilipokaa kujaza kodi, karatasi za benki zimetandazwa kitandani: mstari uleule, dola 24, miezi saba mfululizo. Dola 168. Nilizipiga mstari kwa kalamu nyekundu mmoja mmoja. Sikurudishiwa kitu, na nilipotaka kurudi baadaye nikaambiwa nisubiri miezi sita kwa kuwa nilijitoa.

Tangu hapo kadi yoyote ya mwezi naiandika kwenye karatasi mlangoni mwa friji, na kila nikitoka ukumbini naweka alama. Mwezi ukiisha na alama moja, najiuliza. Miezi miwili, najitoa. Wewe mwenye mtoto mchanga usijilaumu, ila usijidanganye pia kwamba mwezi ujao utapata nafasi. Kichanga hana ratiba.

*Dada, huku Dar tunakata tiketi moja moja. Siku wakija na kifurushi cha sinema kama cha simu, nijiunge?*
*— Mpenzi wa Picha, Ubungo*

Angalia siku zake. Wahindi walianza Oktoba 2023: PVR INOX, wenye majumba ya sinema huko, wakatoa kadi yao ya Passport, rupia 699 kwa mwezi, picha kumi. Watu wakashangilia, lakini ilifanya kazi Jumatatu hadi Alhamisi, na zile kumbi za kifahari hazikuwemo. Waliuza Jumanne saa kumi jioni, ile yangu ya vichwa sita. Si dhambi, ni biashara ya wazi, na kwa mwenye muda ilikuwa bei nzuri mno. Wakija Dar na sharti kama hilo, jiulize Jumatano saa moja usiku huwa uko wapi. Kama bado uko kwenye foleni ya Mwenge unatafuta gari, endelea kukata moja moja.